Swali la Tangu Lini

Neno letu la Jumapili ya leo linatoka katika Injili kama ilivyoandikwa na Marko, sura ya 9, kuanzia mstari wa 14 hadi wa 29. Aliye na Biblia karibu naye na afungue. Aliye jikoni au njiani na atusikilize tu, maana habari hii ni ya kila nyumba yenye mtoto.

Bwana Yesu anashuka kutoka mlimani na kukuta umati mkubwa wa watu. Wanafunzi wake wanabishana na waandishi. Katikati ya mabishano hayo yuko baba mmoja na mwanawe. Mtoto huyo huanguka chini, hutokwa na povu, husaga meno na kukakamaa mwili. Baba amekwisha kuwaomba wanafunzi wamsaidie, nao wameshindwa. Tutazame vizuri hapo, ndugu zangu. Walipokwisha kushindwa hawakunyamaza wala hawakuulizana. Waliingia katika mabishano na wataalamu wenzao, na mtoto akabaki pale pale alipokuwa.

Ndipo Bwana anaagiza mtoto aletwe kwake. Mtoto anashikwa mbele ya macho yake, anaanguka, anagaagaa. Sisi tungetazamia kwamba Bwana, mwenye uwezo wote, angenena neno mara moja. Lakini sivyo alivyofanya. Kwanza alimgeukia baba akamwuliza swali: jambo hili limempata mtoto tangu lini? Baba akajibu kwamba ni tangu utotoni, tena akaongeza kwamba mara nyingi humtupa katika moto na katika maji.

Tumeisoma sura hii miaka mingi, na tumeihubiri mara nyingi. Tulizoea kukimbilia mwisho wake, penye uponyaji. Swali hilo la katikati tulilipita kama msafiri anavyopita kituo asichoshukia. Leo tunataka tushuke hapo.

Turuhusuni tuwasimulie jambo ambalo, kwa hiari yetu, tungependa zaidi kulificha. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukihudumu Mlowo, katika wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Wanaosafiri kutoka Mbeya kwenda Tunduma wanaufahamu mji huo: malori ya Zambia yamefuatana barabarani, reli ya TAZARA haiko mbali, na wakati wa mavuno magunia ya mahindi na maharage hupangwa hadi mapaa yasionekane. Katika usharika wetu alikuwako mama mmoja mwenye mtoto wa kiume wa miaka minane, mwanafunzi wa darasa la pili. Hatutawataja majina, kwa kuwa heshima yao ni yao.

Mtoto huyo alijulikana mtaa mzima kwa utukutu. Mwalimu akiwa anafundisha, yeye huinuka bila ruhusa na kutoka nje. Siku nyingine huchana daftari lake mwenyewe, au la jirani yake. Akiitwa haitiki, huwa anatazama ukutani tu na kutafunatafuna midomo kana kwamba anamdhihaki anayemwita. Akiulizwa baadaye kwa nini amefanya hivyo, hukana kabisa. Basi shuleni alichapwa kwa utukutu, na nyumbani alichapwa kwa uongo. Baba yake, mtu mpole kwa tabia, alifikia hatua ya kusema kwamba mtoto huyu hakumtoa yeye.

Mama alihangaika. Alikwenda kwanza kwa mganga wa jadi. Mtoto akachanjwa chale, kuku akatolewa, na jirani mmoja akatajwa kuwa mchawi, hata nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi zikaacha kusalimiana. Hali haikubadilika. Ndipo mama akaja kwetu.

Na sisi tulifanya nini? Tuliomba, na kwa kuomba hatujuti. Lakini tulifanya na mengine. Tulimwuliza mama ni dhambi gani iliyofichika nyumbani kwake. Tulimtaka akumbuke ugomvi alionao. Akakumbuka kwamba hawaelewani na mama mkwe wake, akaenda kumpigia magoti, wakapatana. Hilo lilikuwa jema, lakini mtoto hakupona. Tukatangaza mkesha wa siku tatu. Mtoto akashikwa mikono na watu wazima wanne, akalia hadi sauti ikamkauka. Siku ya nne akachana daftari tena. Mama alipokuja kutueleza tulimwambia aongeze imani. Maneno hayo, wapendwa, hayakusemwa na mganga wala na majirani. Tuliyasema sisi.

Ikaja Juni. Wanaoijua Mbozi wanajua baridi ya Juni ilivyo. Jioni moja familia ilikuwa imekaa kuzunguka jiko la mkaa. Mama alitoka kidogo kuanua nguo. Aliporudi alimkuta mwanawe amekaa kimya, macho wazi, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya makaa, wala hauondoi.

Palikuwa na mama mmoja muuguzi mstaafu, mzee wa kanisa letu, ambaye kila siku alikwenda kumwosha mtoto yule kidonda. Siku ya pili au ya tatu alimketisha mama yule akamwuliza: “Mwanangu, mtoto akiwa katika hali hiyo, ukimwita anaitika? Ukimshika anajua kuwa ni wewe? Baadaye hulala? Na haya yalianza lini?” Mama akaanza kulia. Alisema kwamba kwa miaka miwili alikuwa ameulizwa ni nani aliyemroga mwanawe, ameulizwa ametenda dhambi gani, ameulizwa kwa nini hajui kulea. Hakuna aliyekuwa amemwuliza yalianza lini.

Naye akaeleza. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu aliugua malaria kali. Alipata degedege mara nyingi kwa siku moja, akapoteza fahamu, akaamka siku ya tatu. Watu walimshukuru Mungu na kuhesabu kwamba yamekwisha.

Muuguzi yule hakusema ugonjwa ni huu au ule. Alimpa mama daftari la shule na kalamu. Alimwagiza kila tukio aandike tarehe, saa, mtoto alikuwa akifanya nini kabla, lilichukua muda gani, na baada yake alikuwaje. Kwa majuma manne mama aliandika matukio 17. Alipoyasoma pamoja na muuguzi waliona jambo ambalo sote hatukuliona: yote 17 yalifanana. Kwanza mtoto hukatisha anachokisema. Kisha macho husimama, midomo hutafuna, mkono hupapasa shati. Pengine huinuka na kutembea, au kuchana kilicho mkononi. Hupita dakika moja au mbili, kisha huchoka na kusinzia. Utukutu haufuati mstari namna hiyo. Mtoto mtukutu hubuni jipya kila siku.

Waliondoka na daftari lile hadi Vwawa, na kutoka Vwawa wakaelekezwa Mbeya. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa kabla ya kumgusa mtoto. Baada ya vipimo alieleza kwamba ni kifafa, cha aina ile isiyomwangusha mtu na kumtikisa mwili wote, bali hushika sehemu moja tu ya ubongo. Alieleza pia kwamba malaria ikipanda kichwani huweza kuacha kovu linaloleta kifafa baadaye, na pengine ugumu wa kusoma na wa kutulia. Mtoto akaanzishiwa dawa, ikaongezwa kidogo kidogo, na baada ya miezi michache matukio yakawa machache sana.

Walipokuwa katika basi wakirudi, mtoto alimwuliza mama yake: “Kwa hiyo mama, si mimi niliyekuwa nachana madaftari?” Swali hilo mama alituletea kanisani, nasi hatukuwa na la kumjibu.

Wapendwa wasikilizaji, msidhani jambo hili ni la Mlowo peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifanya kazi Mahenge, katika nchi ya Wapogoro. Huko alikuta watu wengi wenye kifafa wakiishi kando ya wenzao, wakila peke yao na vyombo vyao peke yao. Iliaminika kwamba povu na mate ya mgonjwa huambukiza. Kwa hiyo mgonjwa alipoangukia moto wengi waliogopa kumvuta, na makovu ya moto yalikuwa mengi mno. Mama daktari huyo alianzisha kliniki, akawapa dawa iitwayo fenobabitoni, ambayo bei yake ni ndogo, wakainywa kila siku. Wengi walipata nafuu, wakarudi mashambani, wakarudi na mezani pa jamaa zao. Huko huko aliona watoto ambao vichwa vyao huinama na kuinuka kama wenye usingizi, akaandika habari zao. Miaka mingi baadaye ugonjwa kama huo ulionekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na uchunguzi umeonyesha kwamba una uhusiano na minyoo inayoenezwa na usubi, wale wadudu wa kandokando ya mito. Kama asingeuliza na kuandika, wale wangeendelea kuitwa watoto wa kusinzia tu.

Wala tusidhani kwamba kumhukumu mama ni kosa la wasiosoma. Mwaka 1943, huko Marekani, daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 waliokuwa na hali ambayo sisi leo twaiita usonji: watoto wasiotazama watu usoni, wanaorudia jambo lile lile, wanaofadhaika sana utaratibu ukibadilika. Kwa miaka mingi baada ya hapo wataalamu wengi wenye shahada kubwa walifundisha kwamba kisa ni ubaridi wa mama, kwamba hakumpenda mwanawe vya kutosha. Akina mama wengi waliubeba mzigo huo. Mwaka 1964 msomi mmoja aliyekuwa na mtoto wa namna hiyo, Bernard Rimland, alitoa kitabu kuipinga dhana hiyo, akionyesha kwamba chanzo kiko katika maumbile ya ubongo. Leo hakuna mtaalamu makini anayeifuata dhana ile ya kwanza. Basi, kumwuliza mama amefanya nini ni kosa lililotendwa na mganga kwa tunguri zake, na msomi kwa vitabu vyake, na sisi kwa maombi yetu.

Nanyi mlioko Mbozi mnalifahamu lile jiwe la Ndolezi. Kwa macho ni mwamba kama miamba mingine. Lakini waliolichunguza walikuta ni chuma kitupu chenye mchanganyiko wa nikeli, uzito wake yapata tani 16, nalo limetoka mbinguni. Hakuna aliyeweza kulijua kwa kulipita. Ilibidi likatwe kipande, likapimwe. Na mtoto wa mtu je, hastahili uangalifu tuliolipa jiwe?

Tunajua lipo swali mioyoni mwenu. Je, hakuna tena mtoto mtukutu? Kila kosa ni ugonjwa? La hasha. Mtoto anahitaji kuongozwa, kukatazwa, na kufundishwa kuomba radhi. Lakini kabla hatujaita jambo utukutu, hatuna budi kuuliza. Pengine mtoto asiyetii hasikii. Sikio lilitoka usaha miaka mingi, nasi tukaona ni jambo la kawaida. Pengine asiyependa kusoma haoni ubao. Pengine anayelala darasani hajala tangu jana, au ana minyoo na damu imepungua. Pengine aliyegeuka ghafula kuwa mkali amefiwa, au wazazi wake wanashinda mpakani Tunduma kutafuta riziki naye amebaki na mtu anayemtendea maovu asiyoweza kuyasimulia. Pengine ni usonji. Pengine ni ile hali ya mtoto kushindwa kabisa kutulia na kuzingatia jambo, ambayo nayo ina namna zake za kusaidiwa. Mambo haya yote, yakitazamwa kutoka mlangoni, yana sura moja: mtoto msumbufu. Lakini tiba zake hazifanani hata kidogo, na fimbo si tiba ya hata moja kati yake.

Basi tufanyeje? Kwanza, tutazame na kuandika kama alivyofanya mama yule. Daftari moja na kalamu moja vilimsaidia daktari kuliko maelezo yetu yote. Pili, tumpeleke mtoto kituo cha afya mapema, na tuombe apimwe masikio na macho, na tueleze alivyozaliwa, homa alizougua, na degedege kama aliwahi kuipata. Jibu la kwanza lisiporidhisha, turudi tena, tuombe kuelekezwa mbele. Kurudi hospitali mara ya pili si kumdharau daktari. Tatu, akianzishiwa dawa ya kifafa tusiikatishe ghafula kwa sababu tumeona nafuu, au kwa sababu mtu ametuambia imani inatosha. Kuikatisha ghafula huweza kuleta degedege kali ya kuhatarisha maisha. Shirika la Afya Duniani hutufundisha kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa inayofaa na kuitumia ipasavyo. Nne, tumweleze mwalimu. Mwalimu akijua, ataacha fimbo na atamweka mtoto karibu naye. Tano, mtoto akianguka tumsogeze mbali na moto na maji, tumlaze kwa ubavu, tusimtie kitu chochote mdomoni, tukae naye hadi azinduke. Na ikipita dakika tano hajatulia, tumkimbize hospitali. Povu lake haliambukizi. Aliyeogopa kumgusa jana na amguse leo.

Na sala je? Sala na iendelee. Luka, aliyetuandikia Injili na Matendo, alikuwa tabibu, na Paulo hakuona haya kusafiri naye. Mathayo anaposimulia habari hii hii ya baba na mwanawe, Biblia yetu ya Kiswahili inatumia neno kifafa waziwazi. Bwana hakuona kwamba kuuliza kunapunguza uwezo wake. Basi sisi tulio watumishi tu, tumepata wapi ujasiri wa kuombea tusichokiuliza? Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Bwana alikataa swali hilo lote. Kumbe lipo swali ambalo Bwana analikataa na lipo ambalo Yeye mwenyewe analiuliza. Alilikataa lile la nani kakosa. Alilolichagua ni lile la tangu lini. Sisi Mlowo tuliuliza lililokataliwa, kwa miaka miwili, na mkono wa mtoto ndio uliolipa.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yalikwisha vizuri. Dawa ilituliza kifafa, lakini mtoto aliyechapwa miaka miwili kwa mambo asiyoyakumbuka alikuwa amejifunza kujificha na kusema uongo kabla hajaulizwa. Hilo lilichukua muda mrefu zaidi kupona. Baba yake alimwomba radhi mbele ya ndugu zake wote, jambo ambalo si jepesi kwa wanaume wa kwetu. Mama na jirani aliyetajwa kuwa mchawi walisalimiana tena, ingawa chumvi hawakuazimana kwa muda. Nasi tulisimama madhabahuni Jumapili moja tukamwomba radhi mama yule mbele ya usharika. Mkono wa kushoto wa mtoto una kovu, na vidole viwili havinyooki. Kila aliposhika kitabu cha nyimbo tuliliona.

Mama unayetusikiliza asubuhi hii, ambaye mwanao amekushinda na watu wamekwisha kukuchoka: hatujui mwanao ana nini. Lakini tunajua kwamba bado lipo la kuuliza. Yule baba wa Injili alimwambia Bwana kwamba anaamini, na papo hapo akakiri kwamba imani yake ina upungufu. Bwana hakumfukuza kwa upungufu huo, wala hakumwambia arudi nyumbani kuuongeza. Alimponya mwanawe hivyo hivyo. Nawe usingoje imani yako ikamilike ndipo utafute msaada. Mshike mwanao mkono, chukua daftari lako, nenda. Na wewe mtumishi mwenzetu, akikujia mama wa namna hiyo, mwombee, kisha mtafutie nauli ya kwenda hospitali.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyeuliza kabla ya kuponya, utusamehe sisi tuliohukumu kabla ya kuuliza. Uwakumbuke watoto wanaopigwa kwa mambo yasiyo makosa yao, na wazazi waliochoka kutafuta. Uwape matabibu na walimu macho ya kuona, na sisi sote subira ya kusikiliza. Amina.